Nimeacha kuajiriwa, naanza kujitegemea: kazi za kampuni ya zamani naweza kuziweka kwenye potifolio?

Mchoraji_Kisumu

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wanaoyajua mambo haya kwa undani.

Nilikuwa mbunifu wa michoro kwenye kampuni ya matangazo hapa Kisumu kwa miaka mitatu, kwa mkataba wa ajira. Mwezi uliopita niliacha ili nijitegemee. Kila mteja mpya anataka kwanza kuona nilichowahi kufanya, na kazi zangu nzuri zote nilizifanyia pale. Ninazotaka kuonyesha ni hizi: lebo ya mtindi wa mililita 500, ambao bado uko madukani, bango kubwa lililokuwa Kondele na sasa limeshushwa, ripoti ya mwaka ya shirika moja lisilo la kiserikali, kurasa 48, yenye picha za watoto wa shule, na nembo tatu ambazo mteja alizikataa, hazijawahi kuonekana popote.

Mkataba unasema kila nilichobuni ni mali ya kampuni, na unanikataza kuwafuata wateja wao kwa miezi 12. Kuhusu potifolio hauna neno. Nina PDF chache nilizowahi kujitumia kwa barua pepe. Pia Google Drive ya ofisi bado inafunguka kwenye laptopu yangu.

Niweke zipi, niombe ruhusa kwa nani, na wakinikatalia nifanyeje?

---

Wino_wa_Nakuru

Ndugu, kabla ya mengine yote, ondoa hiyo akaunti ya ofisi kwenye laptopu leo. Usiingie hata kuchukua faili moja. Nywila ambayo haijabadilishwa haimaanishi umeruhusiwa, na tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inayohusu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa. Tena Drive huonyesha nani alifungua faili na lini. Unaweza kuwa na haki katika kila jambo lingine, halafu ukaipoteza hapo.

Sasa tuje kwenye hakimiliki. Wengi huamini aliyechora ndiye mwenye kazi. Kwa Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinaanza na mtunzi, ndiyo, lakini papo hapo kinasema kazi iliyofanywa ndani ya ajira huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo hata huo mstari wa "mali ya kampuni" ungekosekana kwenye mkataba wako, matokeo yangekuwa yale yale.

Kuna sehemu ya pili ya kifungu hicho ambayo wabunifu wengi huiruka. Kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wako nayo huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza. Fuata mnyororo huo kwenye lebo yako ya mtindi: wewe ulimchorea mwajiri, na mwajiri aliagizwa na kiwanda. Yawezekana kabisa leo mwenye lebo ni kiwanda, na kampuni ya matangazo haina tena cha kukupa. Inategemea mkataba wa hao wawili, ambao wewe hujauona. Ndiyo maana "sawa tu, weka" kutoka kwa aliyekuwa mkuu wako wa ubunifu haitoshi. Yeye ni mwajiriwa kama ulivyokuwa wewe.

Hapo hapo kuna mtego. Ukiruka kampuni ukaandikia kiwanda moja kwa moja, barua yako ya kuomba ruhusa inaweza kusomwa kama kumfuata mteja, na umesema una katazo la miezi 12. Njia salama ni kumwandikia mkurugenzi wa kampuni, yule mwenye mamlaka ya kutia sahihi, na kumwomba yeye akuulizie kwa mteja au akuruhusu kwa maandishi umuulize mwenyewe. Nakala ibaki kwako, kwenye barua pepe yako binafsi.

Bado kuna kitu hukuhamisha. Kifungu cha 32 kinakuachia haki ya kutambuliwa kama mtunzi hata baada ya hakimiliki kuhama. Maana yake ni kwamba unaweza kusema kweli kuwa ulibuni lebo hiyo. Lakini haki ya kutambuliwa na haki ya kusambaza nakala ya picha ni vitu viwili tofauti. Kuandika kwenye wasifu wako "Nilibuni lebo ya mtindi wa mililita 500 nikiwa mwajiriwa, 2023" ni sawa, mradi mkataba hauna kifungu cha usiri kinachoficha hata jina la mteja. Soma tena ukurasa wa usiri, si ule wa hakimiliki peke yake. Mara nyingi viko mbali.

Na kama hujachukua cheti cha utumishi, kidai. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe cheti kwa kila aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, kikionyesha tarehe za kuanza na kumaliza na aina ya kazi. Halazimiki kukusifu wala kukupendekeza kwa mtu, lakini cheti lazima atoe. Mteja mpya akiuliza kama kweli ulikuwa pale, unacho cha kumwonyesha bila kugusa mchoro wa mtu.

---

Bango_na_Ngazi (Kisumu)

Sipingi sheria aliyoieleza mwenzangu, ila naona tunamtisha kijana. Lebo iko kwenye rafu za maduka makubwa, bango lilisomwa na kila aliyepita Kondele. Hakuna siri hapo. Kampuni nyingi hazina shida na mbunifu wa zamani anayeonyesha kazi iliyokwisha tangazwa, akitaja kampuni na mteja, na akiondoa pale anapoombwa. Wanaokasirika hukasirikia mambo mawili: mtu kuonyesha kazi ambayo haijatoka, na mtu kudai peke yake kazi ya watu watano. Epuka hayo mawili, weka zilizotoka, endelea na maisha. Ukisubiri barua zijibiwe utakosa kodi ya nyumba.

---

Wino_wa_Nakuru

Mkuu, umesema kweli kuhusu hasira za watu, ila tutenganishe. Kazi kuwa barabarani kunaondoa suala la usiri tu. Hakimiliki inabaki pale pale: kitabu kikiuzwa dukani hakijawa cha kila mtu. Na marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yameweka utaratibu wa mwenye haki kudai kazi iondolewe mtandaoni. Kwa mtu anayeanza, tovuti kushushwa wiki ile ile anayosubiri jibu la zabuni ni hasara kubwa kuliko siku kumi za kusubiri barua.

Jambo jingine ambalo ni kwa faida yake: ruhusa ndogo ya kuonyesha haihitaji makaratasi mengi. Sheria inataka maandishi yenye sahihi kwa kuhamisha hakimiliki au kwa leseni ya mtu mmoja pekee. Leseni ya kawaida, kama hii ya kuonyesha, inaweza kuwa hata ya mdomo. Udhaifu wake ni kwamba inaweza kufutwa wakati wowote, isipokuwa imetolewa ndani ya mkataba. Kwa hiyo barua pepe ya mistari mitatu kutoka kwa mkurugenzi inatosha, na makubaliano mliyotia sahihi ni bora zaidi.

---

Lebo_na_Chupa (Kakamega)

Naongeza upande wa vitendo, kwa sababu watu wengi hupata ruhusa halafu wanaharibu kwenye faili.

Anza na barua. Kosa la kawaida ni kuomba "ruhusa ya kutumia kazi zangu". Mkurugenzi akisoma hivyo anaona mlango usio na mwisho, na jibu rahisi kwake ni hapana. Taja kazi moja moja, taja zitakapoonekana, na uambatishe kurasa zenyewe jinsi zitakavyokuwa. Mfano:

"Naomba idhini ya maandishi ya kuonyesha kazi mbili: lebo ya mtindi wa mililita 500, mbele na nyuma, na bango la Kondele, picha moja. Zitakuwa kwenye tovuti yangu na kwenye PDF ninayomtumia mteja mmoja mmoja. Sitaziuza, sitazitumia kwenye tangazo la kulipia, wala sitatoa faili za asili. Chini ya kila picha kutaandikwa jina la kampuni, jina la mteja, na mchango wangu: mpangilio wa lebo na uchoraji wa matunda. Mkinitaka niondoe, nitaondoa ndani ya siku saba. Kama idhini ya mteja inahitajika, naomba mniulizie au mnielekeze nimwandikie nani. Kurasa nimeziambatisha."

Tuma kazi mbili, si nne. Ripoti na nembo zilizokataliwa ukizichanganya humo, zitaangusha na hizo mbili rahisi. Baada ya siku kumi za kazi, kumbusha mara moja. Kimya si ruhusa.

Sasa faili. Hizo PDF ulizonazo usizipandishe popote zilivyo. PDF iliyohifadhiwa kutoka Illustrator (programu ya kuchorea) ikiwa na tiki kwenye Preserve Illustrator Editing Capabilities hubeba ndani yake mchoro mzima unaoharirika. Atakayeipakua anaifungua Illustrator na kukuta tabaka zote, pamoja na yale uliyoyazima ukidhani hayaonekani: toleo la bei ya zamani, maelezo ya mteja pembeni. Dalili ni ukurasa mmoja wenye uzito usioelezeka. Na ukificha takwimu kwa kuweka mstatili mweusi juu ya maandishi ndani ya PDF, maandishi yako chini bado. Jaribu mwenyewe: chagua yote, nakili, bandika kwenye daftari la kompyuta, uone yanavyotokea.

Suluhisho ni kutoa picha bapa: JPG au PNG, upana wa pikseli 1600 hivi, rangi za sRGB (mfumo wa rangi za skrini). Ukitoa JPG katika CMYK kama ya kupeleka kwa mchapishaji, rangi zinaweza kuonekana ovyo kwenye kivinjari. Upana huo unatosha kusomeka kwenye skrini, na hautoshi mtu kuchapa lebo nzuri. Kisha ondoa metadata, yaani taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Kwa programu ya ExifTool ni amri moja, `exiftool -all= lebo.jpg`, itaacha nakala ya awali yenye neno "original" mwishoni mwa jina, hiyo usiipandishe. Usitegemee ExifTool kusafisha PDF, kwa sababu mabadiliko yake kwenye PDF yanaweza kurudishwa nyuma. Badilisha na jina la faili pia. Jina kama "mteja_v7_mwisho_kabisa" linaeleza mambo ya ofisi ya watu.

Kwa lebo nakushauri usitumie faili ya ofisi hata kidogo. Nunua chupa yenyewe dukani uipige picha, baada ya kupata idhini. Picha unaimiliki wewe, ingawa mchoro uliomo ndani bado ni wa mwenye hakimiliki. Chupa ikitoka kwenye friji, kwa joto la Kisumu itatoa jasho haraka na lebo itang'aa madoa, kwa hiyo iache nje hadi joto lake liwe sawa na la chumba, uifute alama za vidole. Weka manila nyeupe iliyopinda nyuma yake bila kukunja, dirisha liwe ubavuni, na upande wa pili simamisha karatasi nyingine nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli. Rudi nyuma kama mita moja na nusu ukitumia lenzi ya mara mbili ya simu. Ukisogea karibu kwa lenzi pana, shingo ya chupa itavimba na maandishi yako yatapinda.

Halafu usiiache picha ikae peke yake. Mteja wa kujitegemea hanunui lebo, ananunua uamuzi. Chagua kitu kimoja ueleze. Kwa mfano msimbopau (barcode): ukubwa wa kawaida wa EAN-13, ile aina ya bidhaa za dukani, ni milimita 37.29 kwa 25.93 pamoja na nafasi tupu za pembeni, na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80. Kwenye chupa nyembamba, ukiusimamisha kama uzio, mistari ya pembeni inakimbilia mzingo na kisomaji cha kaunta kinashindwa kuiona yote. Unaulaza, mistari ikae kama vidato vya ngazi, kisha unasomeka. Sentensi tatu kama hizo zinamwambia mwenye kiwanda cha asali wa Kakamega kwamba unajua kazi, na hazitoi siri ya mtu yeyote kwa sababu ni elimu ya fani.

---

Mchoraji_Kisumu

Asanteni sana. Akaunti ya ofisi nimeshaiondoa. Barua naandika leo kwa lebo na bango tu. Imebaki ile ripoti na nembo tatu. Nembo kweli ndizo kazi nilizozipenda kuliko zote, na mteja alizikataa, kwa hiyo sioni nani zinamuumiza. Kwenye ripoti nafikiria kufifiza nyuso za watoto.

---

Kurasa_48 (Bungoma)

Nianze na nembo. Kukataliwa hakukurudishii. Ulizichora ukiwa kazini, kwa hiyo kifungu cha 31 kinazihusu vile vile. Kati ya kazi zako zote hizi ndizo hatari zaidi, kwa sababu bado ni siri: zinaonyesha mteja alikuwa anafikiria kubadilisha sura yake, pengine jina, na pengine mradi huo haujafa. Ziache kabisa. Usibadilishe rangi na herufi ukazipa jina la kampuni isiyokuwepo pia. Umbo likibaki lile lile, umetengeneza kazi inayotokana na kazi ya mwingine, na anayeijua ataitambua kwa kuitupia jicho tu.

Unachoweza kuchukua ni ujuzi. Anza upya kwa bidhaa ambayo haipo: pakiti ya omena waliokaushwa, au sukari guru ya huku kwetu. Andika wazi juu ya ukurasa, "Mradi wa kubuni, hakuna mteja". Jipe masharti ya kweli kama angekupa mteja: rangi mbili tu kwa sababu ya gharama ya uchapaji, pakiti ya gramu 250, isomeke kutoka hatua tatu kwenye rafu yenye mwanga hafifu. Onyesha michoro ya penseli mitano, ule ulioshinda, na sababu ya kuiacha ile minne. Mwenye duka la Kibuye ataelewa hayo zaidi ya nembo maridadi isiyo na maelezo. Ila usitumie jina la kampuni halisi kana kwamba ni mteja wako. Alama ya biashara ni jambo jingine, na mbali na sheria, unamdanganya anayekusomea.

Ripoti ni ngumu zaidi, na sababu si mchoro. Watoto hao au wazazi wao walitoa idhini kwa shirika, kwa kazi ya shirika. Hawakukupa wewe uwatumie kujitafutia wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na kifungu cha 37 kinataka idhini ya wazi kwa matumizi ya kibiashara. Si maneno ya kwenye karatasi tu: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake mtandaoni.

Kufifiza uso hakutoshi. Sare ya shule inabaki, ubao wenye jina la shule unabaki, maelezo chini ya picha yana jina la kijiji. Kwenye kijiji kimoja vitu hivyo vitatu vinatosha kumjua mtoto. Toa picha nzima, weka mstatili wa kijivu wa saizi ile ile, na maandishi uyabadilishe yawe ya kujazia. Kilichobaki ndicho chako hasa: gridi ya safu 12 (mistari isiyoonekana ya kupangia ukurasa), jinsi jedwali la fedha lilivyopangwa, namna vichwa vya sura vinavyomwongoza msomaji ndani ya kurasa 48. Kurasa nne zinatosha. Hata hizo, idhini iombwe kwa barua ya pili, baada ya ile ya kwanza kujibiwa, na uwaambie mapema kwamba picha na takwimu zote zimetolewa.

Wakikataa kila kitu, weka orodha ya maneno tu, bila picha: aina ya kazi, mwaka, mchango wako, nani alichora na nani alipiga picha. Usiandike "nilibuni" pale ulipopanga kurasa tu. Kisumu ni mji mdogo na mpiga picha wa ile ripoti atausoma ukurasa wako. Kwa ile mikutano ya ana kwa ana, chukua chupa ya mtindi kutoka dukani na uiweke mezani. Hapo hujatengeneza nakala yoyote, unaonyesha bidhaa uliyoinunua.

Na kabla hujachukua kazi ya kwanza ya kujitegemea, kumbuka alichosema Wino: kazi ya kuagizwa nayo huhamia kwa mwagizaji. Ukisahau, baada ya miaka miwili utakuwa unauliza swali hili hili kuhusu wateja wako mwenyewe. Kwenye nukuu ya bei, juu ya sahihi, weka mstari huu: "Mbunifu anabaki na ruhusa ya kudumu ya kuonyesha kazi iliyokamilika kwenye potifolio yake, siku 30 baada ya kutangazwa, akitaja jina la mteja." Mteja akitaka usiri, mpe, lakini uandike kwenye bei kiasi gani anaulipia.